Saa Tatu ya Mulongo

...na silaha, bila shaka, silaha lazima ziwepo, Okumu hajawahi kutaka kitu kingine tangu wamjue, mtu anashinda wiki nzima kwenye ofisi ya baraza la jiji akigonga mihuri kwenye leseni za vibanda, na ikifika Jumapili baada ya kanisa anataka kulipua sayari, sasa ameishika karatasi ya Celine kwa mikono miwili kama anayesoma matangazo ya parokia, "Namba moja, meli iwe kubwa kuliko ile ya kwanza, na iwe na silaha za maana, si vile vibunduki vyako vya kuua panya, Mako, unaskia lakini?" na Makokha anaitikia kwa kichwa kwamba anasikia, anasikia pia stovu ya mafuta taa ikinguruma jikoni kwa sababu gesi iliisha jana, na mkewe Nekesa akisogeza sufuria, maji ya chai hayajachemka na hayatachemka karibuni, stovu hiyo haina haraka, yeye mwenyewe hana haraka, amechoka, siku hizi anachoka hata kabla ya kulianza jambo, angependa wageni hawa wanywe chai yao waende, anawapenda, ni watu wake wa miaka mitano, lakini waende, warudi makwao na karatasi yao yenye matakwa saba ya sehemu ya pili ya mchezo wao, sita yamepigwa taipu vizuri kwa sababu Celine ni karani wa taipu na hawezi kuleta kitu cha ovyo, la saba limeongezwa chini kwa mkono, kwa kalamu nyekundu, na badala ya tarakimu mtu ameandika neno zima, Saba, aliliona walipoingia, alilisoma juu chini kabla Okumu hajaigeuza karatasi, na tangu hapo hajasikia vizuri neno lolote, kwa sababu hilo la saba linasema, Rubani arudi.

"Namba mbili, kanuni zipunguzwe," na papo hapo Nzuki, anayefundisha umeme kwenye chuo cha ufundi na ndiye injinia wa meli, anainua kidole, "Hapo mimi nilikataa, na iandikwe nilikataa, mafuta lazima yapimwe, chombo hakiendi kwa maombi," na Celine anamgeukia, "Nzuki, dakika arobaini tunahesabu biskuti! Mimi ni daktari wa meli, sijatibu hata mafua, nahesabu biskuti!" na ni kweli walihesabu biskuti, kanuni hiyo aliiandika Makokha mwenyewe, karani wa ratiba za treni, mtu ambaye kazi yake yote ni kuandika gari hili litoke saa ngapi na lifike saa ngapi na lipishane na lipi kwenye stesheni gani, mtu huyo angeandikaje mchezo usio na hesabu... lakini mchezo haukuanza na yeye, ulianza na Mulongo, Mulongo alikuja hapa kwa miguu kutoka chumba chake cha Kware, Jumamosi moja mwaka wa tisini na moja, akiwa na kijitabu cha Kiingereza alichokiokota kwenye vitabu vya mitumba vilivyotandazwa juu ya gunia kando ya Jogoo Road, hakina jalada, hakina jina, kinaeleza namna watu wanavyoweza kukaa kuzunguka meza na kujifanya wanasafiri nyotani, mmoja anashika daftari na kusimulia, wengine kila mmoja ni mtu wake, na kisichojulikana kinaamuliwa kwa dadu, na katikati kurasa thelathini zilikuwa zimenyofolewa, walipokisoma wakagundua kwamba zilizokosekana ni zile za kueleza mtu hufaje, kulikuwa na jinsi ya kuzaliwa, jinsi ya kuchagua kazi, jinsi ya kutupa dadu upate nguvu na akili, halafu kijitabu kinaruka, unakuta mtu ameshakufa na wenzake wanagawana koti lake, Mulongo alicheka mpaka akashika ukuta, "Bakoki, hii ndiyo dunia ninayoitaka mimi, haina ukurasa wa kufa." Bakoki, kwa sababu walitahiriwa mwaka mmoja kule Kimilili, walisimama asubuhi moja na baridi moja na hakuna aliyepepesa jicho, na mtu wa namna hiyo si rafiki, rafiki mnaweza kukosana mkaachana, bakoki huna pa kumpeleka. Yeye Makokha ndiye aliyesema, ukurasa huo nitauandika mimi, akauandika, nusu ukurasa kwa mwandiko safi wa ofisini, kwamba kila mchezaji ataandika kwenye karatasi yake analotaka kufanya, ataikunja, atampa mwenye daftari aisome mbele ya wote, na kilichoandikwa na kukunjwa hakibadilishwi, hata kikimuua aliyekiandika.

"Namba tatu," anasoma Okumu, anasita, anaanza kucheka peke yake, "wahusika waruhusiwe kupendana na ikiwezekana kuoana, haki ya Mungu Celine, harusi angani, hema utalifunga wapi?" na Celine hacheki, amekunja mikono juu ya mkoba wake, "Cheka tu, miaka minne watu wanne kwenye meli moja, hakuna hata siku moja mtu alimwuliza mwenzake umelala aje, hiyo si meli, hiyo ni godauni," na Makokha anajua kwamba Celine amesema kweli lakini si kweli yote, mmoja alikuwa akiuliza, Rubani, ndiye Mulongo, hakuwahi kukunja karatasi bila kuanza na salamu, nawasalimu nyote mliomo melini, ndipo aseme anageuza meli kushoto au kulia, Okumu akimwambia wee unamaliza karatasi, naye akijibu karatasi ni ya Makokha, ameitoa kazini... na dadu hii iliyo kiganjani mwa Makokha sasa hivi ndiyo aliyokuwa akiitupa, nyekundu, kona moja imelika, Nasike ameileta leo ndani ya mkebe mtupu wa rangi ya viatu, Nasike dadake Mulongo, anayefanya kazi kiwanda cha nyuzi Industrial Area, hajawahi kucheza, alikuwa anakuja tu zamani kumwita kakake akale, leo Celine amempitia akamwambia njoo, amekaa pale kwenye kiti cha karibu na mlango na kitambaa chake cha kanisani kichwani, amempa dadu hiyo mkononi, "Shika, Baba Marion," basi, na Makokha ameishika tangu hapo, hawezi kuiweka mezani na hawezi kuitupa, imepata joto la mkono wake.

"Namba nne, sayari zenye watu, tumechoka na mawe na barafu," na hiyo ni haki yao, barafu ilizidi, alipenda barafu kwa sababu hakuwahi kuiona isipokuwa kwenye friji ya jirani, akajaza barafu kila mahali, na mwisho wenyewe wa sehemu ya kwanza ulikuwa huko, kwenye mwezi wa barafu unaozunguka Zohali, Februari ya mwaka jana, viti hivi hivi, Mulongo amevaa sweta mbili mchana wa jua kali na hakuna anayemwuliza kwa nini, waya wa mawasiliano umekatika nje, dhoruba inakuja, Rubani anajitolea kutoka kwenda kuutengeneza, wanaandika, wanakunja, wanampa Makokha, akafungua ya Okumu ambaye ndiye kapteni, mlango ufungwe 3, akafungua ya Mulongo, nawasalimu nyote mliomo melini, nautengeneza waya, narudi 3, akaona sawa, wamepatana, kisha akili yake ya ratiba ikamsukuma kuuliza, "Okumu, hiyo 3 yako ni saa ngapi?" "Three ni three, saa tisa ya usiku, kabla ya dhoruba." "Na yako, Mulongo?" "Saa tatu ya asubuhi, jua likishatoka, kwani kuna saa tatu nyingine?" na nyumba nzima ikalipuka, walicheka mpaka Nekesa akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini, Nzuki akijitahidi kueleza kwamba kwenye mwezi ule hakuna asubuhi ya namna hiyo na hakuna anayemsikiliza, Mulongo alikuwa hivyo siku zote, akiandika tarakimu anamaanisha saa alizofundishwa na mamake, tatu ni tatu, na wote walijua, wakaziita saa za Mulongo, ukipewa miadi na Mulongo huulizi ni 3 gani... kisha kicheko kikaisha na wakatazamana, kwa sababu karatasi zimekunjwa na kilichokunjwa hakibadilishwi, meli imeondoka saa tisa na Rubani anafika mlangoni saa tatu, masaa sita baadaye, anakuta barafu tupu. Celine akasema aah, Makokha, badilisha bwana, na Mulongo akasema hapana, sheria ni sheria, leteni dadu tuone nina hewa ya siku ngapi, akatupa, ikatua sita, hakuna namba kubwa kuliko sita, akaiinua dadu akaibusu, "Siku sita! Nendeni pole pole, mimi nitawangoja," na daftari likafungwa hapo, sehemu ya kwanza imekwisha, mtu yuko hai na anangoja.

"Haya, namba tano, hii Nzuki ndiye alisema na sote tukakubali," Okumu anakohoa kidogo, "yale tuliyoyafanya sehemu ya kwanza yakumbukwe sehemu ya pili," na Nzuki anasogea mbele ya kiti, anaongea kwa mikono kama yuko mbele ya darasa, "Nieleze, nieleze, si ati tuamke sehemu ya pili kila kitu ni kipya, hatukumwibia mtu, hatukumwacha mtu, hapana, kama nilivunja pampu nataka niikute imevunjika, kama tulidanganya mtu tumkute amekasirika, ama namna gani Makokha?" na Makokha anasema, "Ndiyo," anaisikia sauti yake imetoka ndogo, "ndiyo, hiyo ni sawa," na anatazama mlango wa jikoni, kivuli cha Nekesa kinapita na kurudi, maji bado, anatamani yachemke ili kuwe na vikombe vya kugawa, sukari ya kupitisha, kitu cha kufanya kwa mikono... mikono, mikono ya Mulongo juu ya blanketi la hospitali, Aprili, watu walisema ni kifua, na kila aliyesema kifua alishusha sauti, Makokha alikwenda kumwona mara mbili, mara ya pili saa ya mkononi ya Mulongo ilikuwa imeteremka mpaka kwenye kiwiko, Mulongo aliona jinsi anavyoiangalia akaisukuma irudi mahali pake kwa kidole kimoja, taratibu, ikateremka tena, wakajifanya hawakuona, akauliza, "Bakoki, Rubani atachukuliwa?" naye akajibu, "Ngoja niandike," na Mulongo akaitikia kwa kichwa, kwa subira, kama mtu aliyeambiwa bosi bado hajafika, na Ijumaa ya juma lililofuata Okumu akaleta kikaratasi kutoka wodini, akasema ni cha kesho, kimekunjwa mara nne na pembe moja imechomekwa ndani, mkunjo wa mchezo, mkunjo wa Mulongo, ndani yake maneno manne tu, Kuja 3. Lete daftari.

Aliwaambia wote kwamba aliisoma 3 hiyo kwa saa za kazini. Ratiba imeniharibu, aliwaambia, miaka kumi na minne ya kuandika saa za Kizungu, na tena kila mtu anajua hospitali hufungulia wageni alasiri, kwa hiyo nilifika saa tisa kamili na daftari kwapani, na kitanda kilikuwa kimeshatanduliwa, godoro limekunjwa katikati, wakamwonea huruma, Nzuki alimshika bega, na kule nyumbani, mazishini, Okumu alisimama kati ya watu akaisimulia hadithi ya saa za Mulongo tangu mwezi wa barafu hadi wodini, kwamba marehemu hata siku yake ya mwisho alimchezesha bakoki wake vile vile, na waombolezaji walicheka huku wanalia, wazee wakatikisa vichwa, hadithi nzuri, imetimia, ina mwanzo na mwisho, na Nekesa, aliyekuwa amesimama kando ya Makokha, aliinama kufunga kamba za kiatu cha mtoto wao Marion, alizifunga kwa muda mrefu sana, na kiatu chenyewe kilikuwa cha buckle, hakina kamba... Nekesa alikuwepo. Jumamosi hiyo asubuhi alikuwa anapanga vyombo hapo hapo kabatini, alisema, "Hii saa tatu inafika, si ulisema unaenda kwa Mulongo?" alisema saa tatu, hakusema kitu kingine, kwa sababu Ijumaa jioni yeye Makokha alifungua kile kikaratasi mezani akamwambia kwa kinywa chake, ananitaka saa tatu. Alijua. Hakukosea hata nukta moja. Alikaa kwenye meza hii na daftari limefunguliwa, akasema, "Namalizia ukurasa," na ukurasa wenyewe ulikuwa sehemu ya pili, sura ya kwanza, ambamo meli inarudi kwenye mwezi wa barafu na kumkuta Rubani ameketi karibu na waya aliokwisha kuutengeneza, ameketi tu, hewa imekwisha, aliiandika hivyo kwa sababu aliona ile saa ikiteremka mpaka kwenye kiwiko na hakuweza kuandika vinginevyo, alijaribu, haikukubali, na Mulongo amesema lete daftari, Mulongo ataomba asome, atasoma usoni pake hata asipolifungua, basi akaangalia saa tatu ikikaribia, ikifika, ikipita, akanywa chai kikombe kimoja, akanywa cha pili, aliogopa, hakuna neno lingine, mtu mzima aliyesimama kimya mbele ya kisu akiwa na miaka kumi na minne aliogopa kitanda cha hospitali, na ilipofika saa nne kasoro akajiambia haya, nitakwenda saa tisa, nitasema nilisoma saa za Kizungu, yeye mwenyewe atacheka. Atacheka. Hilo ndilo alilolibeba mpaka wodini, kicheko cha Mulongo alichokuwa amekipanga tayari. Jioni yake alizichana kurasa zote nane za sura hiyo akawashia jiko, na daftari tangu siku hiyo limekuwa kama kile kijitabu, kurasa za kufa hazimo.

"Mako, umelala? Namba sita, hii tulikaa nayo sana," na Okumu ameishusha sauti, hata hana mzaha, "mtu asife kwa sababu ya dadu peke yake, akifa iwe kwa jambo aliloamua yeye ama walioamua wenzake," na Celine anaongeza, "Kwa sababu dadu haina makosa, unaona, inauma zaidi, huna wa kumkasirikia," na Makokha anafikiri, huyu naye hajui anachoomba, kuwa na wa kumkasirikia, angempa sasa hivi, yupo, ni yeye Makokha, amekaa mbele yake na suruali ya kanisani na anangoja chai, na kisha itakuwaje, Okumu atainuka, Okumu hasamehi haraka, aliisimulia hadithi ile mbele ya watu mia tatu na ataona amefanywa mjinga, Celine atakusanya mkoba wake, na hilo ni baya zaidi, Nzuki ataangalia chini, halafu Jumapili zitabaki tupu, na yeye ana nini tena isipokuwa treni zinazochelewa na Jumapili hizi, zimebaki nne kwa mwezi na mwaka mzima sasa hawachezi hata, wanakutana tu kuongea juu ya kucheza... asiseme, amekaa kimya miezi kumi na sita, kimya kimeshazoea kukaa naye, ataandika sehemu ya pili, nzuri, meli kubwa, bunduki, harusi, watu wa kijani wakitaka, na Rubani watamkuta hai, wampakie, wampe uji, watacheka, na kila atakapoandika jina hilo atajua, atachoka, lakini kuchoka ameshachoka tayari, hakuna jipya hapo.

"Na ya saba," anasema Okumu, kisha anaiweka karatasi juu ya magoti, "hii haikuwa yetu, tulikuta imeandikwa, dada, si usome mwenyewe?" na Nasike anatikisa kichwa, hataki, halafu anaisema bila kuitazama, "Rubani arudi," anasema, "mimi sijui mchezo wenu, mnisamehe, lakini Mulongo aliniambia amewaachia mtu anangoja huko, alikuwa anaongea juu yake wodini kama mtu wa kweli, ati ana siku sita, nikaona kama mnaandika ya pili mkamchukue kwanza," na Celine anasema kwa upole, "Sote tunataka hivyo, Nasike, hata usiogope," na Nasike anaendelea, anavuta ncha ya kitambaa chake, "Si hivyo tu. Ni mimi niliyeandika ile karatasi. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, aliniambia niandike, akaikunja yeye, na nilikuwa nimeongea na sista wa wodi, Jumamosi saa tatu asubuhi atamruhusu mtu mmoja kuingia, nikaandika tarakimu. Karatasi ilikuwa ndogo. Ningeandika kwa maneno. Baba Marion angefika, wangeonana, alingoja akiangalia mlango tangu saa mbili, mimi ndiye niliyekuwa namwambia anakuja, anakuja," na hapo anajaribu kutabasamu, "siku hizi kila kitu naandika kwa maneno, hata kazini wananicheka, supavaiza anasema Nasike andika namba jaza fomu, mkono unakataa," na Makokha anaiona karatasi juu ya magoti ya Okumu, neno jekundu, Saba, herufi nne, lilikuwa mbele yake tangu walipoingia na hakuuliza ni nani siku hizi anayeandika saba kwa herufi.

Miezi kumi na sita. Alidhani uwongo wake ni wa mtu mmoja, unakaa naye, unakula naye, unamchosha yeye peke yake, hakujua kwamba ulipotoka mle ndani ulitafuta mahali pa kukaa ukampata huyu, msichana aliyemgeuza kakake kitandani usiku na mchana, aliyemwomba sista wa wodi, huyu ndiye aliyeubeba, anaubeba kwenye fomu za kiwandani, tatu, saba, kumi na mbili, herufi kwa herufi, na yeye Makokha akiwa hapa anajihurumia kwamba amechoka... Celine anasema, "Wacha Nasike, yalikuwa makosa tu, makosa ya saa," na Okumu anasema, "Kabisa, saa za Mulongo, nani hazijampata," na Nzuki anaitikia, wote wanamfunika kwa maneno mazuri, na kila neno ni uwongo wake yeye, limetoka kinywani mwake, limezunguka, limerudi, na jikoni Nekesa ameacha kusogeza vitu, hakuna sauti ya kijiko wala ya kifuniko, amesimama, Makokha anajua amesimama wapi, kando ya stovu mkono mmoja kiunoni, anangoja, labda amekuwa akingoja tangu alipoinama kufunga kiatu kisicho na kamba, hakumsukuma, hakumfichua, alimwachia tu nafasi, na nafasi ndiyo hii. Yale tuliyoyafanya sehemu ya kwanza yakumbukwe sehemu ya pili. Waliandika wenyewe, wakapiga taipu.

Anaiweka dadu mezani, hakuitupa, ameiweka tu na upande uliotokea juu hautazami. Anavuta daftari. Liko kwenye rafu ya chini, chini ya magazeti, jalada limekauka, analifungua nyuma kabisa ambapo mabaki ya kurasa zilizochanwa yamesimama kama meno mafupi, na hapo katikati kipo, kile alichowaambia kilipotea njiani siku ya mazishi, kimekunjwa mara nne, pembe moja imechomekwa ndani, hajakifungua tangu Ijumaa ile na hakuwa na haja, karatasi ya mwisho ya mchezaji, imekunjwa na kukabidhiwa kwa mwenye daftari, na mwenye daftari hakuisoma mbele ya watu kama sheria yake mwenyewe inavyotaka. Anainuka, ni hatua tatu tu mpaka kwenye kiti cha karibu na mlango, anakitia kikaratasi mkononi mwa Nasike naye anautambua mkunjo kabla hajautambua mwandiko, macho yake yanapanda kumtazama, Okumu anasema, "Hiyo ni nini, Mako?" nje mtoto anapiga mpira kwenye geti la jirani, mara moja, mara ya pili, na Makokha anaogopa vile vile kama alivyoogopa siku ile, haikupungua hata kidogo, ila leo amesimama.

"Uliandika vizuri, Nasike," anasema. "Nilijua ni saa tatu."

Jikoni maji bado hayajachemka.